Fundi Ni Shemeji, Filta Ni Ile Ile

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Kiembeni, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni ya zamu hospitalini kisiwani. Zamu za usiku ndizo zilizonifanya nishike usukani, maana kushuka matatu saa tano usiku na kuanza kutembea peke yangu hadi nyumbani nilikuwa siwezi tena. Gari ni Toyota Axio ya 2012, injini ya cc 1500, aliyoniachia marehemu mume wangu.

Fundi wangu alikuwa rafiki wa mume wangu tangu ujana wao. Gereji yake iko chini ya mwarobaini kando ya barabara, hana bango wala kitabu cha risiti, lakini wateja hawamwishi. Mimi ananiita shemeji. Mume wangu alipokuwa amelala kitandani ile miezi ya mwisho, bwana huyu alilishughulikia gari letu na hakutaka hata senti. Mwaka jana liliponizimikia juu ya Daraja la Nyali usiku, nilimpigia simu akaja kwa bodaboda, betri ameipakata mapajani. Mambo kama hayo hayasahauliki.

Miezi miwili iliyopita nilimpelekea gari kwa sevisi. Akaniambia amebadilisha oili, filta ya oili, filta ya hewa na plagi zote nne. Baada ya siku chache taa ya injini ikawaka na gari likawa linatetemeka nikisimama kwenye foleni. Akasema ni sensa ya oksijeni. Nikamtumia shilingi 14,000 kwa M-Pesa, taa ikazimika. Haikumaliza wiki mbili ikawaka tena, na sasa anasema huenda ni sensa ya pili.

Mdogo wangu wa kiume ninaishi naye, anasomea umeme chuoni. Jumapili moja alifungua boneti, akaitoa filta ya hewa, akaniletea jikoni. Ilikuwa nyeusi tititi, na kwenye mikunjo yake mna majani ya mwarobaini yaliyokauka na mabawa ya kumbikumbi. Akaniambia, "Dada, unaliwa." Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za fundi. Ana video chungu nzima kwenye simu, anataka nimnunulie seti ya spana na jeki, afanye kila kitu mwenyewe hapa uani: oili, pedi za breki, hata oili ya giaboksi. Ameazima kwa mwenzake kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, kikamtolea namba P0171.

Mama mkwe anasema nikimwacha fundi nitakuwa nimekosa fadhila. Mdogo wangu anamjibu kwamba fadhila hazichuji hewa. Mimi mwenyewe hata kijiti cha kupimia oili sikijui kiko wapi, na nikifika pale gereji naona haya kuuliza, kama vile nitakuwa namwita mwizi mtu aliyembeba mume wangu mgongoni. Nimwache tujifanyie wenyewe, au nifumbe macho nimwamini?

Shemeji Mtu, Kiembeni

*

Marahaba mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo.

Tuanze na filta, kwa kuwa ndiyo ushahidi pekee ulio nao mkononi. Filta ya hewa ya gari kama lako huenda kilomita 20,000 na zaidi kabla ya kudai kubadilishwa. Vumbi la Kiembeni nalijua, na moshi wa matatu za Bamburi naujua, lakini miezi miwili ya kwenda kazini na kurudi haiwezi kuifanya filta mpya iwe nyeusi vile, tena na kumbikumbi ndani. Filta mpya haikufungwa. Hapo tusizungushane.

Nani hakuifunga, hilo ni swali jingine. Gereji za chini ya mti zina fundi mmoja na vijana wa spana kadhaa. Ufunguo unampa fundi, ila anayeingia chini ya gari ni kijana, na fundi wakati huo yuko upande wa pili anapatana bei na mtu wa Probox. Huenda filta ilinunuliwa ikaishia kwenye gari jingine. Huenda kijana alisahau akaogopa kusema. Huenda haikununuliwa kabisa. Kwa mfuko wako yote ni mamoja, lakini kwa shemeji yako si mamoja, na ndiyo maana nakuomba usimtolee neno zito mpaka uone plagi zina hali gani.

Plagi ni kazi ambayo huyo mdogo wako anaiweza, basi mpe. Afanye asubuhi, injini imelala usiku kucha na imepoa kabisa. Akishatoa kifuniko cha plastiki ataona koili nne zimesimama mstari mmoja, kila moja imeshikwa na boliti ya namba 10. Afungue moja tu. Apulize vumbi lililozunguka tundu lisije likadondokea ndani, kisha atoe plagi kwa soketi ya namba 16 yenye mpira ndani. Plagi ya miezi miwili, kaure yake bado ni nyeupe, maandishi yanasomeka, na ncha haijalika. Ya zamani utaiona ina pete ya kahawia shingoni na chuma kimeshika kutu. Kwa chumvi ya hewa yetu ya pwani kutu haikawii. Wakati wa kurudisha aizungushe kwa vidole mpaka ikatae, ndipo ashike spana aikaze kidogo. Kichwa cha injini ni aluminiamu. Uzi ukishalika hapo, kazi ya dakika kumi inageuka kazi ya wiki nzima.

Mkikuta plagi ni mpya, basi fundi alifanya kazi yake na filta ilipotelea njiani. Mkikuta ni za zamani, hiyo ni mara ya pili katika sevisi moja, na mtazamo wangu utabadilika. Nitakuja hapo.

Sasa hiyo P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta ya injini imeona mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka taarifa hiyo, na mafundi wengi wakishaona namba wanambadilisha mleta habari. Sensa mpya inafungwa, inaleta habari ile ile. Na taa ilizimika kwa sababu aliifuta kwa mashine. Kompyuta ikishakwenda safari kadhaa na kuona kasoro iko pale pale, inaiwasha tena. Ndiyo wiki zako mbili hizo.

Kwa gari linalotetemeka likisimama, mimi ningeanza na ule mpira mnene wenye mikunjo unaotoka kwenye sanduku la filta kwenda kwenye injini. Joto la Mombasa huukausha, na mikunjo hupasuka upande wa chini usikoonekana. Injini ikiwa imezimwa, umulike kwa tochi, uminye na kuuvuta taratibu kila kunjo. Hewa ikipenya hapo inakuwa imeipita ile sensa ya kupima hewa bila kuhesabiwa, na kompyuta inachanganyikiwa. Angalia pia kama sanduku lenyewe lilifungwa vibano vyote, maana aliyekuwa wa mwisho kulifungua ni mdogo wako, na kabla yake hatujui. Mpira ukiwa mzima, inawezekana ile sensa ya kupima hewa imechafuka (huwa inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, haiguswi kwa kidole wala kitambaa) au pampu ya petroli imechoka. Sensa ya pili aliyokutajia fundi ingekuwa ya mwisho kabisa kwenye orodha yangu. Usiilipie.

Kwa hiyo katika mambo mawili uliyoniletea, la filta ni pesa iliyotoka bila kitu kurudi, na la sensa ni kubahatisha. Fundi anayebahatisha hakuibii, anajifunza kwa pesa zako, na dawa yake ni nyingine. Lipeleke gari kwenye gereji tofauti yenye mashine nzuri, uwaambie mapema kwamba unalipia kupimwa tu, hutengenezi hapo. Mtu asiyetarajia kukuuzia sensa hana sababu ya kukupendekezea sensa. Chukua majibu kwa maandishi, umpelekee shemeji yako.

Niseme sasa lile ambalo naona ndilo kiini cha barua yako, ingawa hukuniuliza. Huyu bwana unamlipa shilingi ngapi za ufundi? Umenitajia bei ya sensa, hukunitaja hata shilingi moja ya kazi. Nadhani hamjawahi kuizungumza. Yeye anaona haya kumtoza shemeji, mjane wa rafiki yake. Wewe unaona haya kuuliza. Lakini kodi ya kile kiwanja inalipwa, na wale vijana wa spana lazima wale mchana. Basi pesa ya kazi inajificha ndani ya bei ya speya, na mwezi ukibana speya yenyewe haiji. Wewe umekuwa ukimlipa kwa shukrani, naye akajilipa kwa filta. Simtetei. Nakuonyesha mlango ambao pesa inapitia, ufungwe.

Ufunge hivi. Safari ijayo, kabla hajashika spana, mwambie: "Shemeji, kuanzia leo nitajie pesa yako ya mkono kama ungemtajia mteja wa kutoka Voi, nami nitailipa yote. Speya nitanunua mwenyewe, na zile kuukuu nirudishie kwenye buti." Useme mapema, kwa uso mkunjufu, kama utaratibu wako mpya wa nyumbani. Ukisema baada ya kazi inakuwa tuhuma. Ukisema kabla ya kazi ni masharti tu, na fundi mzuri amezoea masharti. Wenye matatu na teksi hawamwachii kitu bila kuona kilichotolewa. Akichukia kwamba unataka kulipa zaidi na kuona speya zako, basi amekujibu swali lako bila mimi.

Kununua speya mwenyewe kuna utamu wake na shubiri yake. Usiende dukani ukasema "nataka ya Axio 2012", kwa maana mwaka huo Toyota ilibadilisha umbo la gari hilo, na la zamani na jipya yote yanaitwa Axio ya 2012. Piga picha ile bamba ya namba ya chasisi, ukiona NZE141 ni lile la zamani, NZE161 ni jipya. Enda na picha hiyo na speya kuukuu mkononi. Oili nunua kituo cha mafuta au kwa wakala anayejulikana, chupa yenye mhuri ambao haujaguswa, maana chupa zilizojazwa upya ni biashara kongwe. Injini yako inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta, kwa hivyo galoni ya lita 4 inatosha na kubaki. Akikuhesabia lita 5, muulize ile nyingine imekwenda kwa nani.

Kuhusu kujifanyia wenyewe, nakubaliana na mdogo wako nusu, na nusu nyingine namkatalia kabisa.

Wewe mwenyewe, si yeye, jifunze kijiti cha oili. Kina kishikio cha njano mbele ya injini. Asubuhi gari likiwa mahali tambarare kabla hujaliwasha, kivute, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena: oili iwe kati ya alama mbili. Dakika hiyohiyo tazama kile kichupa cheupe cha kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, pembeni ya redieta. Na hapa nakuuliza, vijana wa gereji wanajazia maji gani? Kama ni ya kisima, wakataze leo. Visima vingi vyetu vina chumvi, na maji ya chumvi ndani ya redieta yanaacha magaga na kula aluminiamu polepole mpaka siku moja gari linachemka katikati ya foleni. Toyota hutumia kulanti ya rangi ya waridi ambayo huja imeshachanganywa, ijazwe hiyo. Mfuniko wa redieta usifunguliwe injini ikiwa moto, kwa sababu yoyote, hata mtu akikuhimiza. Maji mle ndani yamebanwa na yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100. Ukiufungua yanaruka usoni.

Tairi pia ni zako. Kibandiko kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, lakini kwa kuwa gari ni la Japani kimeandikwa kwa kilopaskali na mashine za kituo cha mafuta huhesabu kwa psi. Kila 100 ni psi 14.5, ukikuta 230, mwambie kijana ajaze 33. Tena zipimwe kabla ya mwendo mrefu, tairi zikiwa hazijapata moto.

Mdogo wako mpe filta ya hewa, filta ya ea-kondishna iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi, wipa, na vichwa vya betri. Kwa hewa ya bahari vichwa hivyo huota unga mweupe. Avikoshe kwa maji moto na baking soda, atangulie kufungua waya wa hasi na aurudishe wa mwisho. Kubadilisha oili anaweza pia, siku akiwa na stendi mbili za chuma na sakafu ya saruji. Uani kwenu, kama Kiembeni ninayoijua mimi, ni mchanga. Jeki huzama upande mmoja na gari hulala. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, awe amesoma chuo gani. Na jeki iliyo kwenye buti ilitengenezwa kwa ajili ya kubadilishia tairi, basi. Mpaka apate sakafu, vipo vituo vya mafuta vyenye shimo la sevisi. Ukinunua oili kwao wanakubadilishia umesimama hapo unatazama. Na oili chafu msiimwage uani, majirani wana visima.

Breki hapana. Sisemi pedi ni kazi ya miujiza, la, ni kwamba kosa la filta utalijua kwa taa na kosa la breki utalijua kwenye mzunguko wa Nyali nyuma ya lori. Ajifunze kwanza akiwa amesimama karibu na fundi, ashike tochi, aone. Kitu kimoja anaweza kuwauliza: mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Yanafyonza unyevu kutoka hewani, na Mombasa unyevu si haba. Yale ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakishanywa maji ya kutosha huchemka karibu na 140, na pedali inakuwa laini mguuni pale unapoihitaji. Kila miaka miwili yabadilishwe. Mafundi wengi hawayagusi kwa kuwa hakuna mteja anayeyauliza.

Giaboksi asiiguse hata kwa macho. Axio yako kuna uwezekano mkubwa ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua, na CVT haitaki ile oili nyekundu ya giaboksi za otomatiki za kawaida wanayomimina kwenye kila gari. Toyota yenyewe ina zaidi ya aina moja ya oili ya CVT, TC na FE, na kiwango chake hupimwa oili ikiwa kwenye joto maalumu. Ukikosea hapa hutaona kitu kwa miezi, kisha gari litaanza kuunguruma na kusita, na hapo utatafuta giaboksi nzima. Kazi hiyo ipelekwe kwa mtu aliyebobea kwenye giaboksi, hata shemeji asiifanye kama si kazi yake ya kila siku.

Mama mkwe ana haki ya kukukumbusha fadhila. Mtu aliyeleta betri mapajani usiku wa manane hapatikani dukani, na mjane mwenye zamu za usiku anamhitaji kuliko anavyohitaji filta ya bei nafuu. Kwa hiyo mkikuta plagi ni mpya, usimwache. Badilisha malipo, badilisha utaratibu, la filta mwambie bila hasira mbele yake peke yake, vijana wasisikie: "Shemeji, filta ya hewa niliikuta ile ya zamani, nifungie mpya." Atajua unajua. Wengi hurekebika hapo hapo.

Mkikuta plagi ni za zamani, kazi kubwa mpeleke mtu mwingine. Salamu ziendelee, futari mpelekee kama kawaida, na akikuuliza mbona hujaleta gari, mwambie mdogo wako ndiye anayelishughulikia siku hizi. Hutakuwa umesema uongo.

Nunua daftari uliweke kwenye gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, nani alikifunga, bei. Mdogo wako asome, fundi aone unaandika.

Na hiyo taa: ikiwaka bila kucheza, unaweza kwenda kazini hadi ukapime, ila usiipitishe wiki hii. Ikianza kumeta, waka zima waka zima, na gari linashtuka, weka kando uzime. Petroli inapita haijaungua na inakwenda kuchoma kichujio cha ekzosi, ambacho bei yake inaiacha mbali ile 14,000. Hapo ndipo umpigie shemeji simu, na mara hii umuulize mapema ni pesa ngapi za kuja.